Springfield 1903 yenye resiva iliyotobolewa matundu, inarekebishika au niiache ukutani?

mtoto_wa_pangani

Wakuu salaam. Niko Pennsylvania miaka mingi sasa, green card ninayo, na huku nilipo msimu wa kuwinda swala ukifika hata shule nyingi zinafunga, yaani watu wote wanahamia porini. Kuna mzee alifariki mtaa wa pili, wanawe wakapeleka vitu vyake kwenye duka la bunduki la hapa mjini, mimi nikachukua bunduki moja ya zamani ya jeshi, Springfield 1903. Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, nimejaza, ukaguzi umepita, hapo sina wasiwasi. Mwenye duka alisema tu "ina kazi kidogo" akacheka.

Kazi yenyewe ndo hii. Kitako kimekatwa kule mbele, ule ubao wa juu ya mtutu haupo, na juu ilifungwa skopu ya kizamani. Nimefungua skopu na vile vyuma vinavyoishikilia nikakuta resiva (kile kisanduku cha chuma ambacho boliti, yaani kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya risasi, inaingilia na mtutu unafungwa mbele yake, kwa wasiojua) imetobolewa matundu manne juu, mawili mbele na mawili nyuma. Yale ya nyuma chuma kimebadilika rangi pembeni, kahawia halafu bluu. Tundu moja la mbele limekula kidogo kichwa cha tarakimu moja kwenye namba ya bunduki, lakini bado inasomeka. Halafu kuna tundu la tano, dogo, safi kabisa, liko upande wa kushoto wa ule mduara wa mbele, hili silielewi ni la nini maana halina hata uzi wa skrubu.

Mtutu kule mdomoni umeandikwa SA, kuna alama ya kibomu, halafu 4-42, kwa hiyo nadhani ni ya vita vya pili vya dunia. Ndani unang'aa, mistari mizima.

Maswali yangu: naweza kuchomelea haya matundu nikasawazisha na msasa? Nina jamaa ana mashine nzuri ya kuchomelea. Au niyazibe na skrubu tu niendelee nayo porini mwezi wa kumi na moja? Nataka niitumie kweli sio pambo.

fundi_gerezani

Kaka mimi bunduki sizijui kabisa, nipo Dar nachonga vipuri vya mashine na kuchomelea, ila chuma ni chuma. Hiyo kahawia na bluu inakwambia kilichotokea, aliyetoboa alikuta chuma kigumu, biti inateleza inaisha makali, akawasha gesi akakipasha moto mpaka kikalainika ndo akapata kutoboa. Chuma kikifika bluu hapo ni karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na hiyo ni pembeni, katikati penyewe palienda juu zaidi. Sasa ule ugumu uliotiwa kiwandani pale umeshaondoka.

Juu ya hapo wewe unataka kuchomelea, yaani kuongeza joto la pili kubwa kuliko la kwanza. Ukimaliza utasaga, utapiga msasa, itang'aa vizuri na hakuna atakayejua, ila ndani una sehemu laini imekaa pembeni ya sehemu ngumu na ufa unapenda sana kuanzia kwenye mpaka wa hizo mbili. Ingekuwa mashine ya kukoboa mahindi ningekuchomelea leo. Kitu kinacholipuka sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu, hapana, hata uniongeze hela.

Kama unataka kujua ina ufa au haina, kuna ile dawa nyekundu ya kupulizia tunayotafutia nyufa kwenye silinda hedi. Unasafisha mafuta yote, unapuliza nyekundu, unaiacha iingie, unafuta, unapuliza ile nyeupe, ufa unajichora wenyewe mstari mwekundu. Ila ielewe, inakuonyesha ufa uliofika juu tu. Wa ndani haiuoni.

msee_wa_allegheny

Niko Pittsburgh, nakusanya hizi vitu muda sasa. Fundi hapo juu amesema vizuri kuhusu welding, sina la kuongeza. Lakini kabla tuendelee, soma kile kimeandikwa juu ya resiva ni kiwanda gani, na namba inaanza na nini na ina tarakimu ngapi. USIWEKE namba yote hapa, zile mbili tatu za kwanza zinatosha.

mtoto_wa_pangani

Imeandikwa U.S. Springfield Armory Model 1903. Namba ina tarakimu sita, inaanza na 61.

msee_wa_allegheny

Basi bro shida yako si matundu. Shida yako ni hiyo 61.

Wacha nikueleze pole pole maana watu wengi hii kitu hawaijui na wauzaji wengine wanajifanya hawaijui. Mtutu wa 1942 haukwambii bunduki ni ya lini, mtutu unaisha unabadilishwa kama vile unabadilisha tairi, resiva ndiyo bunduki yenyewe na hiyo yako imetengenezwa kama 1915 hivi. Na Springfield zote zenye namba chini ya 800,000, pamoja na zile za Rock Island, kiwanda kingine cha serikali, chini ya 285,507, zina jina mbaya. Hizo jumla ni zaidi ya milioni moja, kwa hiyo si eti ni bahati mbaya ya watu wachache.

Kilichotokea ni hivi. Zile resiva zilifuliwa kwa moto, chuma kinapashwa kinapigwa kinapata umbo, halafu kinatiwa ugumu. Na wakati huo wale wahunzi wa kiwandani hawakuwa na kipimo cha joto, walikuwa wanaangalia rangi ya chuma kwa macho. Wazee wenye uzoefu mkubwa, sitaki kuwadharau. Lakini siku ya jua kali mle ndani kuna mwanga mwingi, chuma kinaonekana hakijaiva vizuri, mzee anaongeza moto. Siku ya mawingu rangi ileile inaonekana mapema. Baadaye walipoleta vipimo wakakuta tofauti inaweza kufika nyuzi 300 za Fahrenheit kati ya siku ya jua na siku ya mawingu, kwa jicho la mtu yuleyule! Kwa hivyo kuna resiva zilitoka sawa kabisa na kuna zingine chuma chake kiliungua.

Na chuma kikiungua si kama nyama utaikwangua ile nyeusi. Zile chembe za ndani zinakuwa kubwa na mipaka yake inaharibika, haishikani tena vile inafaa. Ndio maana ile maneno ya "nitapeleka ipashwe moto upya itiwe ugumu upya" haisaidii, ugumu unaweza kuubadilisha, lakini chuma kilichoungua huwezi kukirudisha. Ukiangalia kwa macho hutaona chochote, hata ile dawa nyekundu ya fundi haitaonyesha kitu maana hakuna ufa. Bado.

1917 Marekani inaingia vitani, risasi zinatengenezwa mbio mbio, zingine maganda yake kule nyuma yalikuwa laini. Ganda likipasuka nyuma gesi yote inarudi ndani ya resiva ghafla. Bunduki nzuri itavimba, itapinda, kitako kitapasuka, utatetemeka siku nzima lakini utaenda nyumbani. Hizi zilizoungua zilikuwa zinavunjika vipande vipande kama glasi. Kuna watu walipoteza macho. Wengine waliingiza risasi ya Mauser ya milimita 8, ile ya bunduki za Wajerumani, kimakosa na matokeo ni hayohayo. Risasi ya .30-06, ambayo ndiyo ya bunduki hii, inasukuma kama pauni 60,000 kwa inchi moja ya mraba, hiyo ni mara elfu nne ya hewa tunayovuta, si kitu ya kuchezea.

Mwaka 1918 wakabadilisha, wakaleta vipimo vya joto na njia mpya ya kutia ugumu mara mbili, kuanzia hapo Springfield 800,000 na Rock Island 285,507 kwenda juu. Zile za juu ni nzuri sana, mimi ninayo na naipiga.

Sasa rudi kwa yako. Ni ya namba ya chini, JUU YA HAPO mtu ameipasha moto na gesi kwa nyuma, JUU YA HAPO ametoboa. Usiipige. Na usidhani ukibadilisha boliti umemaliza, ni kweli boliti za zamani nazo zina shida ileile (zile mkono wake unashuka wima, za baadaye umelala nyuma kidogo) lakini boliti mpya kwenye resiva mbaya bado ni resiva mbaya. Vipimo vya chemba navyo, zile geji wanaingiza kuangalia kama boliti inafunga sawa, zitapita vizuri tu. Geji inapima nafasi, haipimi kama chuma kiliungua.

baba_salome

Mnamtisha tu huyu kijana. Hiyo bunduki ina zaidi ya miaka 100, imepiga risasi maelfu, ingekuwa ya kupasuka ingeshapasuka zamani. Marines, wale askari wa majini wa Marekani, wamekwenda na 1903 kisiwa cha Guadalcanal kule Pasifiki mwaka 1942 na hizo namba za chini zilikuwemo, hawakufa kwa kupasukiwa na bunduki zao, walikufa kwa Wajapani na malaria. Mimi hapa Texas nawafahamu watu wanapiga namba za chini kila wiki, wanatumia risasi za nguvu ndogo wanatengeneza wenyewe. Resiva yenye kasoro ilishajitoa mapema.

msee_wa_allegheny

Mzee baba_salome heshima yako, na Guadalcanal ni kweli. Lakini hiyo hesabu ya "ingeshapasuka" haisimami, kwa sababu hizi hazikuwa zinapasuka kwa risasi ya kawaida nzuri. Zilikuwa zinasubiri ganda bovu. Bunduki inaweza kula risasi nzuri elfu kumi, hiyo haikwambii chochote kuhusu siku ganda moja litapasuka, na siku hiyo ndiyo unataka chuma kipinde badala ya kuvunjika. Risasi ya nguvu ndogo pia, anayeitengeneza nyumbani akikosea akatia baruti mara mbili?

Jeshi lenyewe lilikaa likafikiria hii kitu miaka ya 1920. Walichoamua ni zile ziko mikononi mwa askari ziendelee, lakini ikirudi kiwandani kwa matengenezo resiva ya namba ya chini inatolewa, hairudi tena. Hiyo ilikuwa hesabu ya jeshi, wana bunduki laki kadhaa na bajeti ya wakati wa amani, wakaona hatari ni ndogo wakaimeza. Huyu ana bunduki moja na macho mawili, na Walmart kuna bunduki mpya ya kuwinda. CMP, lile shirika huwauzia raia bunduki za jeshi za zamani, wanasema waziwazi zisipigwe. Hao wangependa kuuza, bado wanasema hivyo.

Na kuna majamaa wamechukua hizi resiva tupu wakazigonga na nyundo. Zingine zinalia tu ting, zingine zinavunjika hapohapo. Kwa macho zilikuwa zinafanana.

baba_salome

Sawa lakini hiyo ya kwake ikipashwa na gesi hata mimi nisingeipiga, hapo naungana na nyie. Nilikuwa naongelea zile ambazo hazijachezewa.

mwana_mvita

Jamani jamani, mbona hakuna aliyeuliza lile tundu la tano? Mtoto wa Pangani amelieleza vizuri kabisa, dogo, safi, kushoto kwenye mduara wa mbele, halina uzi. Hilo halikutobolewa na mwenye skopu. Skopu haifungwi hapo.

Mimi niko North Carolina, huku ni nchi ya Marines, na hizi ndizo ninazozitafuta. Upande wa kulia wa mduara Springfield ina kitundu chake toka kiwandani cha kupumulia gesi. Baadaye likaja wazo la kuongeza lingine kushoto ili ganda likipasuka gesi ipate njia ya kutokea pembeni isirudi kwa mpigaji. Wakusanyaji hulitaja kwa jina la Julian Hatcher, ofisa wa silaha wa jeshi aliyechunguza ajali hizi. Na Marines, kwa vile wao hawako chini ya jeshi la nchi kavu na pesa zao zilikuwa za kuhesabu, hawakuzitupa namba za chini, waliziweka mitutu mipya kutoka Springfield na nyingi zao wakazitoboa tundu hilo. Sasa ukinambia namba ya chini, mtutu wa 4-42, na tundu la kushoto, hapo moyo wangu washtuka kidogo.

Nduguyangu niangalizie mambo mawili matatu. Juu ya boliti pana namba yoyote imeandikwa kwa mkono, mfano wa kalamu ya umeme inayokwaruza chuma? Kile kibati cha chuma cha nyuma ya kitako, kile kinachogusa bega, ni laini au kimepigwa vidoto vidoto? Na mtutu ukiutoa kwenye mbao pana alama za kubanwa na vaisi?

Na wallahi usiguse msasa mpaka unijibu.

mtoto_wa_pangani

Aisee. Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi.

Boliti ina namba, imekwaruzwa kama mwandiko wa mtu, na ni ileile ya kwenye resiva, tarakimu zote sita. Nilidhani ni mzee mwenyewe aliandika isipotee. Kibati kina vidoto, vimepigwa ovyo ovyo kidogo sio kwa mashine. Mtutu kuna alama mbili za meno juu karibu na katikati, nilidhani ni uzembe wa fundi.

mwana_mvita

Ni uzembe wa fundi, ila fundi wa Marines haha. Walikuwa wanabana mtutu kwenye vaisi wala hawajali.

Basi hiyo yako yaonekana ilipita mikononi mwao, kisha vita vikaisha, ikauzwa, mzee wa watu au aliyemtangulia akaikata kitako akaipachika skopu awindie. Miaka ya hamsini na sitini hizi zilikuwa bei ya bure, hakuna aliyeona anaharibu historia. Simlaumu. Lakini tafadhali, siku ukiiuza usiandike kwenye tangazo "bunduki ya Guadalcanal". Hizi alama zote zaweza kughushiwa na watu wanazighushi, kwa hiyo zisemee alama zenyewe, piga picha, eleza ulichokiona, mnunuzi aamue. Ingawa ya kwako naiamini zaidi kwa sababu anayeghushi hangeacha kitako kimekatwa.

Kwa hiyo matundu yako si ya aina moja. Lile la kushoto ni historia, usilizibe, usilichomelee, usilisafishe hata na waya. Manne ya juu ni majeraha, yazibe na skrubu za kuzibia zile fupi zisizopita ndani, mafuta kidogo, basi. Yabaki yaonekane. Ukichomelea utaua vyote viwili, na utalisha watu uongo kwamba haikuguswa.

msee_wa_allegheny

Mvita umenipiga goli, ile ya tundu la kushoto nilipita nayo mbio.

Naongeza mambo ya sheria maana hapa ndipo watu wetu huumia. Ile tarakimu imekulwa kichwa, iache HIVYO. Usiipige upya na patasi, usiisawazishe, usiijaze. Namba kwenye resiva ikifutwa au kubadilishwa hiyo ni kosa la serikali kuu, na haijalishi ulikuwa na nia nzuri. Saa hii inasomeka, piga picha ya karibu yenye mwanga mzuri uiweke pamoja na risiti ya duka. Na kwa mtu ambaye hajawa raia, hata ukiwa na green card, kosa la bunduki ukipatikana na hatia ni sababu ya kukurudisha nyumbani. Watu wanafikiria ni faini tu.

Pia usidhani unaweza kuagiza resiva nyingine itumwe mlangoni kama vile unaagiza kioo cha gari. Mtutu, kitako, boliti, hizo kwa sheria ya huku ni vipuri. Resiva pekee yake, hata iwe tupu, kisheria ndiyo bunduki, inapita kwa duka lenye leseni na unajaza fomu tena. Ukiwa na ile leseni ya mkusanyaji ya vitu vilivyozidi miaka 50 ni dola 30 kwa miaka mitatu, unaweza kupokea bunduki nzima za zamani nyumbani, lakini kwanza soma masharti yake vizuri.

Na kama swali lako bado ni porini mwezi wa kumi na moja, tafuta 1903A3, zile za Remington au Smith-Corona za 1942 hadi 1944. Ndio, Smith-Corona wale wa mashine za kupiga chapa, vita vikija hata wao walitengeneza bunduki. Namba zake ziko zaidi ya milioni tatu, chuma chake hakina hii stori, na kuna nyingi tayari zimekatwa na kutobolewa skopu miaka hiyo kwa hiyo huharibu kitu ukiwinda nayo. Mpe fundi bunduki aikague kwanza. Kuna zingine zilikuwa za gwaride tu, mtutu umechomelewa kwenye resiva ili zisipige, kisha mtu akaja akaitoa ile welding akaiuza kama nzima. Ukiona dalili ya welding pale mtutu unapoingia, toka dukani.

kevo_f1

Naulizia kando kidogo, mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, mtoto wa pangani akienda range na hiyo A3 naweza enda nae nipige kidogo? Classmates wanaenda kila weekend.

msee_wa_allegheny

Kevo, kwa viza ya mwanafunzi sheria inakukataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa uko ndani ya zile ruhusa maalum, kubwa ikiwa ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Classmates wako ni raia, hawana hii shida, usifuate mkumbo. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ama wakili wa uhamiaji KABLA hujashika chochote. Picha ya Instagram umeshika bunduki inatosha kukuletea maswali.

mkulima_handeni

Habari wakuu, nafuatilia toka mwanzo nimejifunza sana. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alienda mpaka Burma, wao walikuwa na zile bunduki za Kiingereza za 303 na alikuwa anasema hawaruhusiwi kabisa kugusa zaidi ya kusafisha, ikipata tatizo inarudi kwa fundi wa kikosi. Sasa swali, kama hiyo haipigi tena ni ya kutundika, si anaweza kuitia kwenye kontena na vitu vingine ikaja Tanga ikawekwa sebuleni? Huku tungeionea fahari.

mtoto_wa_pangani

Mkulima unataka nifungwe nchi mbili kwa mkupuo mmoja 😂

fundi_gerezani

Mkuu kule Handeni hilo lifute kichwani. Kutoka huko ni kibali cha kusafirisha silaha, kuingia huku ni kibali cha polisi chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, na forodha wakikuta mtutu katikati ya magodoro na mafriji hawatakuuliza kama ilikuwa Guadalcanal. Kusema "haipigi" hakusaidii, resiva ipo nzima na boliti ipo. Picha inatosha sebuleni.

Kumbe 303 nazo zilikuwa na fundi wa kikosi peke yake, babu yako alifundishwa vizuri.

mtoto_wa_pangani

Sawa wakuu nimewaelewa. Sichomelei. Nimetoa boliti nimetenganisha na pini ya kugongea, nimeweka kwenye sefu tofauti, na nimefunga kikaratasi kwenye triga kimeandikwa kwa kiingereza na kiswahili kwamba isipigwe na kwa nini, maana nikifa mimi nao wanangu wataiuza kama wana wa yule mzee, na wao hawatajua 800,000 ni nini. Skrubu fupi nimeagiza. Ya kuwinda nitatafuta A3 au ninunue mpya.

Kimebaki kitako. Mvita, nikitaka kuirudishia mbao kama walivyokuwa nazo wao natafuta cha aina gani? Mtandaoni naona vya kila namna, vingine vina kiwiko kama cha bastola.

mwana_mvita

Achana na chenye kiwiko cha bastola. Tafuta kile kilichonyooka kinachoitwa S, chenye mfereji wa vidole pembeni huku na huku, kizee, si kipya cha kiwandani cha leo. Na kipande cha juu cha mtutu kinauzwa mbali, usilipie kitako ukidhani kinakuja nacho. Kile kibati chako chenye vidoto hamishia kwenye kitako kipya, usikiuze, hata mtu akikufuata inbox na bei nzuri. Ukipata kitako kilichopasuka nyuma ya resiva mwambie akupunguzie, hapo ndipo hupasukia vingi. Kabla hujalipa nitumie picha niangalie.

baba_salome

Na mimi tuma. Nina mbao moja ya juu hapa gereji haina kazi, ukilipia posta tu nakutumia.